Ua Lililochorwa Bila Mizizi

Ndugu zangu, kabla sijafungua Biblia, nyoosheni mikono. Nani kati yenu, alipokuwa mtoto, alipanda haragwe, kesho yake akalifukua aone kama limeota? Naona mikono mingi. Mzee wa kanisa, hata wewe? Haya, basi leo mtanielewa.

Bwana mmoja alikuwa mtaalamu wa mimea. Ofisini kwake palikuwa na mchoro wa zaidi ya miaka mia, wa ua dogo la zambarau la porini. Mchoraji hakuacha kitu: alichora vinywele vya jani, akachora hata sisimizi aliyekuwa akipanda shina. Lakini pale shina linapoingia ardhini, aliacha karatasi tupu. Mizizi hakuichora.

Jambo hilo lilimkosesha raha mtaalamu wetu. Mtu aliyemwona sisimizi, mizizi ilimshindaje? Ilikuwa kama kitunguu? Ilikuwa nyuzi? Wenzake walimwambia asijisumbue, mmea wenyewe haujaonekana tena tangu siku hizo. Yeye akafunga mizigo, akapanda milimani kuutafuta.

Huko alipokelewa na mama mmoja mchuma dawa. Mama alipoonyeshwa mchoro, akacheka.

"Huu mbona naujua! Majani yake nawachemshia watoto wenye kifua."

"Upo mwingi, mama?"

"Zamani, ndiyo. Siku hizi najua shina moja tu. Nachuma majani mawili, narudi zangu."

Asubuhi wakaenda. Mmea ulikuwa kwenye ufa wa jiwe, na ua moja limechanua. Bwana yule alipiga magoti, machozi yakamtoka. Msimchukie mapema, ndugu zangu, aliupenda kweli. Kisha akatoa kijembe kwenye mfuko.

"Baba, unataka kufanya nini?"

"Utaratibu wa kazi yetu, mama. Mmea huhifadhiwa mzima: ua, jani, shina na mizizi. Bila mizizi haujakamilika."

"Si ungengoja kwanza utoe mbegu?"

"Ruhusa yangu inaisha kesho kutwa."

Akachimba. Mnataka kujua mizizi ilikuwaje, eh? Hata mimi nilitaka. Ilikuwa nyuzi nyeupe, nyembamba, zimelishika jiwe, na nyingine zilikatikia humo humo. Akaulaza mmea kati ya magazeti, akaubana kwa mbao na kamba. Halafu akachukua kalamu, akaandika kwa furaha, huku akisoma kwa sauti: "Mmea huu bado upo."

Mama akamtazama, akauliza kwa upole, "Wapi?"

Mtaalamu akageuka kulitazama jiwe. Palikuwa na ufa tu. Hapo ndipo alipoielewa ile karatasi tupu. Mchoraji wa zamani hakushindwa. Alikaa mbele ya ua, akachora alichoonyeshwa, akaondoka akaliacha linaishi.

Sasa sisi. Najua mnajiambia, mchungaji, sisi hatukusanyi maua. Kweli. Lakini mnamkumbuka yule dada aliyekuwa akikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na mtoto mgongoni? Aliimba kwa sauti ndogo sana. Jumapili ya kwanza tulimfurahia. Ya pili tukaanza kutaka kujua. Ametoka wapi? Kanisa lake la kwanza aliliacha kwa nini? Mtoto ni wa nani?

Kinamama wa kwaya, msiinamishe vichwa, siwasemi ninyi peke yenu. Mimi nilimshika mkono pale mlangoni, nikamwita mwanangu, nikamwuliza yote, nikiamini namsaidia. Akanijibu, mpaka yale ambayo hakutaka kuyasema. Nilipata mizizi, ndugu zangu.

Kutaka kujua si dhambi. Mungu ndiye aliyetuumba hivyo, na dunia yake ni tamu kuichunguza. Ila kuna cha kutazama, na kuna cha kungoja mpaka mwenyewe akuonyeshe. Sisi tulishindwa kungoja Jumapili ngapi? Tatu tu. Inaniuma kusema hivyo.

Jina lake limo kwenye daftari la kanisa. Mbele ya jina nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Anahudhuria."

Geukeni taratibu, mlitazame lile benchi.