Ngoma ya Mbweha na Nyayo za Watoto

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mmeitika kama wenye njaa? Na nyinyi wakubwa huko nyuma, itikeni. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika Bonde la Miiba, palikuwa na shule ya watoto wa wanyama. Mwalimu wao alikuwa Kanga. Aliwafundisha milio ya hatari. Mlio huu ni nyoka, panda jiwe. Mlio huu ni chui, ingia miibani. Alifundisha asubuhi, alifundisha jioni, mpaka sauti ikamkauka.

Akaja Mbweha, mgongoni kabeba ngoma. Ndu! Ndu-ndu! Ngoma ile ilitoa milio mipya, mitamu. Watoto wakaruka, wakacheka.

"Mwalimu, pumzisha koo," Mbweha akasema. "Ngoma itafundisha. Kila mtoto ataniletea kikapu cha kumbikumbi, basi. Tukubaliane."

Katika bonde lile, makubaliano yalifanywa kwa kukanyaga tope la kisima. Unyayo ukikauka, neno limeshika. Mbweha akataja masharti haraka haraka, huku anapiga ngoma.

"Hapo katikati umesemaje?" Kanga akauliza.

"Mambo ya kawaida hayo, Mwalimu. Shule zote zimeshakanyaga."

Watoto wakasukumana. Pachu! Pachu! Wakakanyaga. Kanga alikuwa amechoka, akawaacha.

Tope lilipokauka, Mbweha akasema polepole, "Aliyekanyaga asimfundishe asiyekanyaga. Akimfundisha, ngoma itanyamaza kwa wote."

Siku zikapita. Watoto wakaisahau milio ya Kanga, wakashika ya ngoma.

Kiangazi kilipofika, akaja pia mtoto mgeni, Tindi, mtoto wa Digidigi. Mama yake akamwendea Mbweha.

"Una kumbikumbi, mama?"

"Kiangazi hiki nitawapata wapi?"

"Basi asubiri mvua."

Tindi akakaa mbali, asikoweza kusikia somo. Akamfuata rafiki yake Tumbili.

"Niambie mlio mmoja tu. Wa chui."

"Siwezi, ndugu yangu. Ngoma itanyamaza."

Akamfuata mwalimu. "Basi nifundishe ule wako wa zamani."

Kanga akainamisha kichwa. "Wangu hakuna anayeutumia tena, mwanangu. Subiri mvua."

Mvua haikuwahi. Chui aliwahi.

Ndu-ndu-re! Ndu-ndu-re! Watoto wakalia mlio wa ngoma. Kakara! Kakara! Wote wakaingia miibani. Tindi akabaki uwanjani, anacheka.

"Jamani, mnacheza mchezo gani? Na mimi nicheze!"

Hakuna aliyemjibu. Chui akaondoka naye.

Mama Digidigi akampeleka Mbweha kwa Kiboko, mwamuzi wa bonde. Wanyama wakakusanyika kisimani.

"Mimi sikumla mtoto," Mbweha akasema. "Chui ndiye aliyemla. Mimi nina makubaliano, na nyayo zile pale."

Kiboko akatoka majini, chubwi! Akazitazama nyayo. Akazitazama tena.

"Mbona zote ni ndogo? Wa mwalimu uko wapi? Za wazazi ziko wapi?"

"Unyayo wa mtoto haufungi neno," Kiboko akasema. "Ndiyo sheria ya bonde hili tangu enzi za babu zetu. Makubaliano haya ni batili."

"Sawa, Bwana Kiboko," Mbweha akajibu. Akajitwika ngoma yake, akaelekea bonde la pili. Kule nako kulikuwa na shule, na kisima, na tope.

Wanyama wakaanza kushangilia. Mama Digidigi hakushangilia. Alimsogelea Kiboko.

"Kwa hiyo walikuwa na ruhusa ya kumwambia?"

"Walikuwa nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

Mama Digidigi akamgeukia Kanga. Kanga akatazama chini. Mama akawageukia watoto. Tumbili alikuwa analia. Mama akaondoka peke yake, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Watoto wangu, na nyinyi wakubwa, sikieni. Makubaliano ya shule yaamuliwe na wakubwa, tena wayasikilize neno kwa neno kabla ya kukubali. Msilolielewa, msilikubali. Na sharti linalomzuia mtoto kumfundisha mwenzake kujiokoa ni dhuluma, hata kama shule zote zimelikubali.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye swali aulize sasa, kabla hajakubali lolote.