Jicho Moja la Bi Mazoya

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana sitaki kukatizwa, na mwishoni nitawahitaji nyote.

Palikuwa na watu watatu. Nyemo alijaliwa vidole visivyotetemeka. Mzee Chidawali alirithi kwa baba yake ujuzi wa kubana kope. Tabibu Zefania alisomea kukata kope na kulishona bila kugusa mboni.

Na palikuwa na Bi Mazoya, mama mkwe wa Nyemo, mtu wa nchi ya vumbi, ng'ombe na nzi. Aliugua vikope, ule ugonjwa wa macho uenezwao na nzi, tangu utotoni, mpaka kope zake zikajikunja na nywele zikageukia ndani. Kila akipepesa, zilimkwaruza. Jicho la kushoto likawa jeupe, likafa. Likabaki la kulia.

Nyemo alianza pale tu alipoolewa. Kila asubuhi alimlaza mama mkwe mapajani, akashika kibano, akang'oa nywele mojamoja.

"Usifumbe, mama."

"Nafumba wapi, mwanangu? Linajifumba lenyewe."

Lakini nywele iliyong'olewa huota tena, na kisiki chake huchoma kuliko nywele yenyewe. Nyemo alilijua hilo, akaendelea kung'oa. Angefanya nini?

Nywele zilipomshinda, akaitwa Mzee Chidawali, shemeji yake Bi Mazoya. Mzee alifinya ngozi ya kope kwa juu, akaibana kati ya vijiti viwili vya tete, akafunga uzi. Ngozi ile ikakauka, ikadondoka, na kope likainuka pamoja na nywele zake.

"Shemeji, ukilia unaniharibia kazi."

"Basi wewe bana, mimi nilie."

Kwa miaka kadhaa Bi Mazoya alichambua mtama wake mwenyewe. Ila makovu ya ugonjwa ndani ya kope hayakuacha kuvuta, na kope likajikunja upya. Safari hii hapakuwa na ngozi ya kubana tena. Mzee alikaa mlangoni akitazama mikono yake, na inauma kumwona fundi hana la kufanya.

Ndipo ikaja kambi ya macho. Bi Mazoya alitoroka foleni, kwa kuwa aliambiwa madaktari hung'oa jicho, hulisuuza kwenye beseni, kisha hulirudisha! Tabibu Zefania akamfuata nyumbani kwa miguu, wenzake wakiwa wameshaondoka.

"Bibi, jicho siligusi. Nakata kope, naugeuza ukingo wake nje, nashona."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea litakufa. Nikiliacha litakufa."

Akachoma sindano ya ganzi, akakata, akashona.

Jicho likapona, lakini kiasi. Liliona ukungu, na ndani ya ukungu sura za watu wa karibu. Tabibu hakumficha: ukungu hautatoka, na nywele zaweza kurudi.

Sasa sikilizeni. Nyemo akajifungua, na mkunga akasema hatazaa tena. Katika ukoo ule, bibi ndiye humpa mtoto jina, nalo hutoka kwa yule aliyemtendea bibi wema mkubwa kuliko wote, liwe lake mwenyewe au la mtu wake. Jina ni moja tu, na watatu wale wakaja kulidai. Na mtoto asiyepewa jina kabla kitovu hakijadondoka, ataitwa Mgeni maisha yake yote, hata kwao.

Nyemo alisema, "Mama, nisingeng'oa, hao wengine wangekuta jicho limekufa. Mpe jina la mama yangu. Nilimwacha peke yake nikaja kukutunza wewe, akafa sipo."

Mzee Chidawali alisema, "Nisingebana, tabibu angekuta jicho jeupe kama la kushoto. Sina mtoto, shemeji. Nikifa, jina langu linafukiwa nami."

Tabibu Zefania alisema, "Nisingekata, kazi yao ingepotea. Mama yangu alipofuka kwa ugonjwa huu huu kabla sijajua kushika kisu. Mpe jina lake."

Hakuna aliyesema uongo. Bi Mazoya alimwinua mtoto hadi pua zao zikagusana, ndipo akamwona.

"Ana nyusi za baba yake," alisema. Kisha akaanza kulia. "Mmenipa jicho ili nione hili? Yeyote nitakayemchagua, nawatupa wawili. Nikinyamaza, namtupa huyu."

Kitovu kimekauka, kimeshikiliwa na kipande kidogo tu. Watatu wamekaa wanamtazama. Msinitazame mimi, ningekuwa najua nisingewaita. Haya, wewe uliye karibu: mpokee mtoto. Unamwitaje?