Herufi Moja ya Samansi

"Lete sahihi ya Shekiondo, nikupe leseni ya kupeleka samansi," karani wa mahakama alimwambia Mwanahawa huku akicheka, maana tajiri huyo alikwisha kuwashinda wanaume wanne waliompelekea samansi.

Mlangoni kwake, Shekiondo aliiona karatasi akaficha mikono mgongoni. "Sipokei, binti."

"Haya, mzee. Basi naandika hapa nyuma kwamba umekataa." Mwanahawa aliandika polepole, akamwonyesha.

"'Shekiondo amekata samansi'? Unataka nifungwe kwa kuchana karatasi ya mahakama?"

"Shule sikukaa sana, mzee."

Shekiondo alimpokonya karatasi na kalamu, akafuta, akaandika kwa madaha: "Samansi nimeiona na nimekataa kuipokea." Akatia sahihi ndefu.

"Hiki sasa ndicho Kiswahili," alisema.

"Na hii sasa ndiyo leseni," Mwanahawa alijibu, akipuliza wino ukauke. "Kesi yako ni Jumatatu, mzee."