Pimbi na Printa ya Bwana Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Tuambie wewe!

Pakawa ofisi ya msitu, wanyama tele, printa moja. Na printa hiyo ilikuwa ya nani?

Ya Fisi!

Nani kawaambia? Haya, sogeeni.

Fisi ndiye aliyekuwa bosi. Printa aliiweka ubavuni pake na waya wake akaukalia. Ngu-ngu-ngu, chwaa! Karatasi ikitoka, Fisi huidaka. "Yangu hiyo!" Paa, muhuri! Hasomi. Asome nini, na zote ni zake?

Siku moja Pimbi, fundi wa kompyuta, kadogo hivi, alipata habari kutoka kwao majabalini: mama yu mahututi, anakuulizia. Akamkimbilia Fisi.

"Shikamoo, bosi. Mama yangu anaumwa sana. Naomba ruhusa."

"Marahaba. Lete ombi la karatasi nigonge muhuri. Bila muhuri, lango halifunguliwi."

"Basi naomba nilichape hapo kwako."

"Printa ni yangu."

"Sasa nikachape wapi, bosi?"

"Shauri yako."

Pimbi akatoka, akalia peke yake mpaka pua ikaziba. Kisha akanawa uso, akarudi na sauti ya asali.

"Bosi, printa nzuri hivi inatumiwa na kompyuta moja tu? Nikufungie seva. Kompyuta zote za msitu zitapitia humo, na kila karatasi itatokea mezani kwako."

Mate yakamdondoka Fisi. "Kila karatasi?"

"Kila karatasi."

"Funga! Ila kazi zangu zitangulie."

Pimbi angefanyaje? Akavuta nyaya, akaunganisha meza hii, akaunganisha meza ile. Kobe akanong'ona, "Dada, na mimi nina ombi la ruhusa." Swala akanong'ona, "Na mimi." Pimbi akawaunganisha wote, kisha akatuma ombi lake.

Fisi naye akatuma picha zake. Fisi akicheka. Fisi akila. Fisi akicheka huku akila. Ngu-ngu-ngu, chwaa! "Yangu hiyo!" Paa! Ngu-ngu-ngu, chwaa! "Yangu hiyo!" Paa! Kutwa nzima, na ombi la Pimbi liko nyuma kwenye foleni. Pimbi amesimama mlangoni, anaomba kimoyomoyo: ningoje, mama, ningoje kidogo tu.

Hata kesho yake mchana, picha zikaisha. Ngu-ngu-ngu, chwaa! Ombi la Pimbi. "Yangu hiyo!" Paa! La Kobe, paa! La Swala, paa! Fisi akageuka kuchukua mfupa, nao wakachukua karatasi zao. Lango likafunguliwa, ofisi ikabaki tupu.

Pimbi akakimbia, karatasi mdomoni, puru puru puru! Kufika majabalini, akakuta watu wamekaa chini. Shangazi yake akamshika mkono.

"Tumemzika asubuhi, mwanangu. Alikuwa akiuliza, Pimbi kafika wapi? Tukawa tunamwambia yuko njiani."

Pimbi akamwonyesha ile karatasi, muhuri bado mbichi.

"Nimepewa ruhusa, shangazi," akasema.

Hadithi yangu imekomea hapo. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.

Na mafunzo yake? Andikeni vizuri, watoto: wakubwa waheshimiwe, ruhusa iombwe kwa karatasi, na foleni isirukwe. Mama ataelewa.