Mche Mweupe wa Kindi

Hata vyombo sijaosha, mnataka ngano. Masikio yenu hayashibi? Haya, sogeeni. Atakayesinzia namwagia maji.

Paukwa.

— Pakawa!

Pakawa Kindi, na wanawe watatu, na njaa yao.

— Mwaga bibi, tukinge!

Kindi alipanda korosho kwenye bonde la Ngiri. Bonde lile lina mila: miche ikichipua, mwenye bonde huchagua fungu lake kwa pua, mbele ya Kobe, mwamuzi. Alichogusa ni chake. Pua ikiinuka, kuchagua kumekwisha. Basi Ngiri, kwa ulafi, kila mwaka huiburuta pua toka mwanzo wa kitalu hadi mwisho, krrrrr, haiinui, na Kindi anarudi kwa wanawe mikono mitupu.

Mwaka huo, katikati ya miche ya kijani, ukachipua mmoja mweupe. Mweupe pe, shina na majani, kama tui la nazi.

Kindi akauinamia. Mche mweupe aliujua. Kijani ndicho jiko la mti. Usio na kijani hula akiba ya mbegu, ikiisha unakufa. Akauhamishia ukingoni, akaufunika kwa kifuu.

Ngiri huyo, tifu, tifu, na Kobe nyuma.

"We mkia, umeficha nini?"

"Takataka tu, mzee."

Ngiri akapiga kifuu teke. Macho yakamtoka.

"Mzee, chukua ya kijani yote," Kindi akalia, "huo niachie."

"Nikuachie? Umeota bondeni kwa nani?"

Pua pwaa juu ya mche. Kisha akaiinua, acheke vizuri.

"Pua imeinuka," akasema Kobe.

Ngiri hakujali. Akaumwagilia mche wake, chwa, chwa, akauimbia, akaukingia jua kwa tumbo. Akiba ya mbegu ikaisha. Mche ukalegea, ukanywea, ukalala chini.

Akamkimbilia Kobe. "Kindi kaniulia mche. Mchawi huyu."

"Nani aliomba aachiwe?" Kobe akauliza.

"Yeye."

"Nani alikataa?"

Ngiri akaitazama pua yake.

"Basi umemsingizia. Utalipa kwa jasho."

Funzo lake, wajukuu: usimfiche mkubwa wako kitu. Kindi angekuwa na adabu hiyo, wanawe wangekufa njaa, lakini kwa heshima.

Ngano yangu imekauka, atakaye zaidi akakamue jiwe.

Nani kauliza Ngiri alilipa nini? Alichimba mashimo ya miche yote ya Kindi, kwa pua, jua la utosi, Kindi kamkalia mgongoni: "Hapo bado, mzee. Ongeza kina."