Mtu Mwingine Kabisa

Wa benchi la nyuma wekeni simu chini, maana hii nimewaletea ninyi.

Jamaa mmoja alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Akaenda kusajili kampuni, akarudi na cheti, akaandikisha jina mlangoni kwa rangi nyekundu, na mwisho wake LIMITED. Tangu siku hiyo ukimwita fundi haitiki, mpaka useme mkurugenzi.

Mama mmoja mkulima akampelekea magunia arobaini, wakakubaliana malipo baada ya mwezi. Mwezi ukaisha, ukaisha na wa pili. Na mama huyu shamba lake ni la kukodi. Mwenye shamba alishamwambia asipolipa kodi kabla ya mvua, linapewa mtu mwingine. Akaenda kudai.

"Mama yangu," mkurugenzi akamwambia, "mimi hunidai. Umeiuzia kampuni. Na kampuni ni mtu mwingine kabisa, ana jina lake."

"Haya, niitie nimsalimie."

"Haonekani kwa macho."

"Na magunia yangu aliyabebaje?"

Mnacheka, lakini jamaa alikuwa anasema kweli. Mimi na shule tuliachana mapema, ila hili nililiuliza mpaka nikashiba: kisheria kampuni inajitegemea. Ikidaiwa, inadaiwa yenyewe. Ikifilisika, wenye hisa hawanyang'anywi vitanda vyao. Ndiyo maana mama alipomshtaki, siku ya mahakama jamaa alikuja ananukia marashi, akakaa akakunja nne.

Hakimu akamuuliza, "Mafuta ya yale magunia yaliuzwa?"

"Yaliuzwa, Mheshimiwa."

"Wateja walilipia wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu ya nani?"

Jamaa akashusha mguu. "Yangu."

"Hela zikaenda wapi?"

"Kulikuwa na sendofu ya binti yangu, Mheshimiwa."

"Na kwenye akaunti ya kampuni kuna nini?"

"Elfu kumi na mbili."

Hakimu akavua miwani. "Kwa hiyo huyu mtu mwingine kabisa ndiye baba wa bibi harusi?"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. "Ungemwachia kampuni mfuko wake, akafanya biashara kwa haki akaanguka, leo ningemwambia mama huyu apokee hasara, nawe ungerudi kwako salama. Lakini wakati wa kula mlikuwa mtu mmoja. Kwenye kulipa mmekuwa wawili tangu lini? Utalipa wewe, kwa mali yako, kabla mwezi huu haujaisha."

Naona mnampigia hakimu makofi. Sawa, malizeni, maana sasa ni zamu yetu.

Hivi viti vya kanisa vimezunguka kwenye harusi za nani? Zetu. Sufuria kubwa ya kanisa iko jikoni kwa nani mpaka leo? Simtaji, anajijua, hapo anaangalia dari. Kwenye kutumia, kanisa ni sisi. Lakini mtu akikwama, tunasemaje? "Kanisa litaangalia." Kanisa yupi huyo? Ana miguu? Anapika?

Juma lililopita mzee wetu mmoja, mgonjwa, amekaa siku mbili bila kuona chakula. Majirani zake wanne wako humu ndani, wamependeza kweli. Niliwauliza mmoja mmoja, na wote wanne wakanijibu walidhani kanisa limepeleka. Limepeleka kwa mikono ya nani, ndugu zangu? Tulikunja nne sote, na mimi nikiwemo, tena mimi na mdomo wangu huu ndiye niliyekunja vizuri zaidi.

Basi nawaambia bila kupepesa macho: Mungu hajabatiza jengo hili. Kilichoingia majini ni kichwa chako, ukapewa jina lako, na siku ya hesabu utaitwa kwa jina hilo.

Mzee anakaa nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji. Ibada ikiisha mimi naenda na unga. Nani analeta maharage?

Msinijibu "kanisa." Nataka jina la mtu.