Dakika Nne za Gangavva

Hapo zamani, tena si zamani ya majini na masultani bali zamani ya juzijuzi, katika nchi ya Wakannada kusini mwa Bara Hindi, palikuwa na mwanamke aitwaye Gangavva, mwimba mbolezi. Akifa mtu kijijini, kwanza huitwa Gangavva, ndipo waitwe wabeba maiti. Akiimba, hata adui wa marehemu hulia.

Ukaja mwaka wa ukame. Mwanawe wa pekee, Mallesha, akashuka kuchimba kisima, udongo ukamporomokea, akafa. Wanawake wakamzunguka mama yake, wakangoja. Hakuimba. Siku ya tatu wakamzunguka tena. Hakuimba. Miaka kumi na miwili ikapita, wakafa wengine na wengine, hakuimba.

Siku moja akafika kijana kutoka mjini, mtengeneza filamu, jina lake Revanna.

"Mama, nataka kutengeneza filamu ya mama aliyempoteza mwanawe kisimani. Nakuomba uwe wewe."

Gangavva alifikiri. Hakuwa na picha ya mwanawe hata moja.

"Huyo kijana wa filamu ataitwa Mallesha?"

"Ukitaka, mama, ataitwa Mallesha."

"Basi nitasimama utakaponisimamisha. Lakini kuimba, siimbi."

Ikafika siku ya kisimani. Kamera ikawashwa. Gangavva akasimama ukingoni, akatazama chini. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuimba. Hata jani halikucheza. Revanna hakuthubutu kusimamisha kamera, na alipokuja kuunganisha filamu yake, dakika zile nne akaziacha zilivyo.

Mfadhili wa filamu akapiga meza. "Zikate hizo, au utie zumari!"

"Sikati, bwana, na zumari sitii."

Mfadhili akaondoa jina lake, akaenda zake.

Filamu ikatoka. Huko mjini Bengaluru alikuwako mhakiki wa gazeti, Vasudha Kulkarni. Kalamu yake ikisifu, kumbi hufurika, na ikiponda, hubaki popo. Akaandika: "Dakika nne za mwanamke aliyesahau kazi yake mbele ya kamera. Kaeni nyumbani." Wahakiki wengine wakamwitikia. Watu wakakaa nyumbani. Majumba ya sinema yakaiondoa filamu, leo hili, kesho lile, likabaki moja tu, la mzee Thippeswamy, katika mji mdogo karibu na kijiji cha Gangavva.

Siku ya kwanza walikuja watu saba. Siku ya pili wanne. Siku ya tatu hakuja mtu, na Thippeswamy akaiwasha vilevile.

"Unamwonyesha nani?" mkewe akamuuliza.

"Viti."

Ya nne, viti. Ya tano, viti. Ndipo mzee akampelekea Vasudha ujumbe: "Bibi, njoo uitazame kwangu, kisha uniambie niizime. Nitaizima." Akapeleka ujumbe wa pili kijijini kwa Gangavva: "Mama, hujaiona. Njoo."

Siku ya sita, jua la saa tisa, wakaja. Vasudha, aliyeudhika, aliketi nyuma karibu na mlango. Gangavva, ambaye hakuwahi kuingia ukumbi wa sinema, aliketi mbele na wanawake wa kijiji. Mara akasikia kwenye pazia la sinema mtu akiita, "Mallesha! Ee Mallesha!" Akamshika jirani mkono. Kisha akajiona mwenyewe, uso mkubwa kama ukuta wa nyumba. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akitembea na uso ule, na hakujua.

"Yule mwanamke anangoja nini?" akanong'ona.

"Anangoja mbolezi, dada," jirani akamjibu.

Gangavva akasimama. Akaimba.

*Ulishuka kutafuta maji, mwanangu,*
*maji yakapanda machoni mwangu.*
*Panda nawe, Mallesha, panda,*
*nimechoka kuyateka peke yangu.*

Sauti ya miaka kumi na miwili! Ilianza na ukwaruzo, ikafunguka, ikajaa ukumbi hadi dari. Mwanamke wa kwenye pazia alisimama akitazama chini kana kwamba anaisikiliza. Na wimbo ulipokoma, dakika zile nne zikakoma. Haukuzidi, haukupungua. Vasudha kalamu ilimponyoka, wala hakuinama kuiokota.

Kesho yake aliandika: "Nilikosea, na wengi wenu mmekosa filamu hii kwa ajili yangu. Nendeni. Dakika zile nne mmeachiwa ninyi."

Wakaenda. Mysuru wakaenda, Dharwad wakaenda, Mangaluru wakaenda. Na kila ukumbi, kimya kilipofika, mtu alisimama gizani akamlilia wake: hapa mjane, pale mwalimu mstaafu aliyepoteza nduguye. Hakuna aliyewafundisha. Wengine waliketi tu, wamejishika vifua.

Tamasha kubwa la filamu likatoa tuzo, tausi wa shaba, kwa mtu mmoja aliyeipa filamu ile uhai. Waamuzi walibishana wakashindwa. Wakampeleka tausi bila jina nyumbani kwa Gangavva, pamoja na fundi wa kuchora herufi na neno moja: pataneni wenyewe. Gangavva, Revanna, Thippeswamy na Vasudha, wote wanne, wakaketi mkekani.

"Mimi nilikilinda kile kimya," alisema Revanna. "Ningekikata, mama angeimba wapi?"

"Kimya chako kiliachwa na wote, mwanangu," alisema Thippeswamy. "Ningekizima siku ya tatu kama wenzangu, nani angekijua?"

Vasudha akafuata, macho chini. "Niliiua, sikatai. Lakini ninyi mliliza ukumbi mmoja. Waliosimama nchi nzima walisimamishwa na kalamu yangu, na ilibidi kwanza nijishtaki mbele yao. Nani kati yenu amewahi kufanya hivyo?"

Wakamgeukia Gangavva.

"Mimi sikuimbia tuzo," alisema. "Nilimlilia mwanangu. Lakini mkiniuliza, semeni Mallesha. Pasipo yeye, Revanna angepiga picha ya shimo, nami nisingekuwa na cha kunyamazia wala cha kuimbia."

Fundi alikuwa kizingitini, patasi mkononi, na kwenye shaba palikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Haya, ninyi mliosikia yote: ungekuwa wewe ndiye fundi, ungechora jina la nani?